Joto ndani ya gari la mashindano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo madereva, waelekezi (wanaokaa kando ya dereva wa rali na kumsomea njia) na mafundi wao hurudia kila msimu wa joto unapofika. Asiye na muda asome swali la kwanza, kisha aruke hadi sehemu ya hatari.

## Mambo ya msingi

Nje kuna nyuzi 32 tu. Mbona ndani ya gari ni tanuri?

Joto la nje ni sehemu ndogo ya hesabu. Injini, gia boksi na bomba la ekzosi viko jirani na miguu yako, na kinachokutenga navyo ni bati tupu. Gari la mashindano limeng'olewa kapeti, sponji na plastiki zilizokuwa zikikukinga bila wewe kujua. Jua nalo linapenya kioo cha mbele na kukaa kwenye dashibodi nyeusi. Katika mbio za NASCAR kule Marekani, kabini kupita nyuzi 50 wakati wa kiangazi si habari ya kushangaza mtu.

Kisha ongeza joto lako mwenyewe. Dereva anayepambana na usukani na breki anaweza kwenda na mapigo ya moyo zaidi ya 160 kwa dakika, sawa na mtu anayekimbia. Ila mkimbiaji ana kaptura na upepo. Wewe una ovaroli ya tabaka mbili au tatu, nguo za ndani za kuzuia moto, glovu, kitambaa cha kichwa na helmeti.

Barafu na jasho, kipi kinapoza zaidi?

Jasho, na kwa mbali sana. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la karibu kilojuli 2,400. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334. Maana yake lita moja ya jasho lililokauka ni sawa na kilo saba na ushei za barafu iliyoyeyuka.

Neno la kushika hapo ni "lililokauka". Jasho linalotiririka hadi kwenye buti halijakupoza, limekupotezea maji bure. Ndiyo sababu nyuzi 30 za Dar es Salaam mwezi wa Machi zinaumiza kuliko nyuzi 35 za mahali pakavu: hewa imeshashiba unyevu, haina nafasi ya kubeba jasho lako. Na ndiyo sababu upepo mdogo unaopita kifuani unaweza kukusaidia kuliko kifaa cha bei mbaya.

Basi si nivue nguo za ndani, nibaki na ovaroli peke yake?

Hapana. Nguo hizo zimewekwa kwa ajili ya moto, na moto hautangoji uzivae. Hatari zaidi ni fulana ya mazoezi ya poliesta: inakausha jasho vizuri, lakini ikipata moto inayeyuka na kugandamana na ngozi. Ukitaka nafuu, nunua ovaroli nyepesi yenye lebo ya viwango vinavyokubalika kwenye mashindano yako, ya rangi ya kupauka, isiyokubana. Halafu ivae dakika za mwisho. Nimeona vijana wakipiga picha juani saa nzima wakiwa wamefunga zipu hadi shingoni, kisha wanashangaa kuchoka mzunguko wa tatu.

Magari ya Formula 1 hayana paa. Hao wanazidiwa na nini?

Upepo unawapita juu ya helmeti, mwili umezama ndani ya kabini nyembamba iliyozungukwa na betri, mifumo ya umeme na rejeta. Mfano unaotajwa kila mara ni Qatar, tarehe 8 Oktoba 2023. Mbio zilifanyika usiku, joto bado likiwa juu ya nyuzi 30 na unyevu mwingi. Siku hiyo pia seti moja ya matairi haikuruhusiwa kuzidi mizunguko 18, hivyo hakuna aliyekuwa akitunza matairi. Wote walikimbia kwa nguvu zote tangu taa za kuanzia hadi bendera. Logan Sargeant, ambaye wiki hiyo alikuwa ameugua, aliacha njiani akiwa ameishiwa maji mwilini. Esteban Ocon alitapika ndani ya helmeti, akaendelea, akamaliza wa saba. Alex Albon alipelekwa kwa madaktari wa uwanja, na Lance Stroll alisema fahamu zilikuwa zikimpotea kwenye kona za kasi.

Mwaka uliofuata mbio hizo zilisogezwa hadi tarehe 1 Desemba. Kubadilisha kalenda nako ni kupoza madereva, na hakuhitaji kifaa chochote.

Zamani walifanyaje?

Waliungua. Buenos Aires, Januari 1955, jua lilikuwa kali kiasi kwamba timu zilibadilisha madereva ndani ya gari moja ili wapumzike. Waliomaliza peke yao bila kupokewa ni wawili tu, Juan Manuel Fangio na Roberto Mieres, wote wa Argentina. Fangio alishinda baada ya takribani saa tatu, mguu ukiwa umeungua kwa chuma cha gari.

Mwaka 1982 huko Rio de Janeiro, Nelson Piquet alizirai jukwaani wakati wa kupokea zawadi. Dallas, Julai 1984, lami yenyewe ilianza kubomoka kwa joto. Nigel Mansell aliposukuma gari lake lililokufa kuelekea mstari wa mwisho, alianguka na kuzimia. Mshindi alikuwa Keke Rosberg, na chini ya helmeti alivaa kofia iliyopozwa kwa maji. Wazo la fulana za maji baridi za leo lilikuwa tayari limeshafika.

## Kulipoza gari

Sina pesa nyingi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye matundu. Mwombe fundi aingie ndani mchana, wewe umulike taa upande wa injini. Kila mwanga anaouona kwenye bati la mbele na kwenye sakafu ni mlango wa hewa ya moto, na pengine wa moshi (tazama swali la kichwa kuuma). Ziba kwa bati na silikoni inayostahimili joto, na mahali pa kupitishia nyaya weka mipira yake.

Baada ya hapo, ekzosi. Izungushie kitambaa cha kuzuia joto sehemu inayopita chini ya miguu, au weka ngao ya bati yenye nafasi ya hewa katikati. Bati lililogusana na bomba halizuii kitu, linapitisha. Foili ya kurudisha joto ibandikwe kwenye sakafu na kwenye handaki la gia boksi. Kazi hii ni ya wikendi moja, na faida yake haiishi kama ya fulana ya barafu.

Nitoboe tundu la hewa la paa au nifungue madirisha?

Hewa inahitaji njia mbili, ya kuingia na ya kutoka. Wengi huweka ya kuingia tu, kisha hewa inagoma kwa sababu kabini imeshajaa. Tengeneza tundu la kutokea nyuma, mahali ambapo hewa ya ndani huvutwa nje gari linapokwenda kasi, ndipo ile ya mbele itaanza kupita. Elekeza mdomo wa bomba kifuani na usoni. Magoti hayahitaji hewa.

Kwenye rali za udongo kuna kisa kingine. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, timu za Ulaya zimejifunza kitu kinachojulikana na kila mtu wa Naivasha: lile vumbi laini kama unga, linaloitwa fesh-fesh, linaingia popote hewa inapoingia. Mwaka 2022 baadhi ya madereva na waelekezi wa Rally1, magari ya daraja la juu la rali, walikimbia kabini ikiwa imejaa vumbi. Kwa hiyo tundu la paa liwe na kifuniko ambacho mwelekezi anaweza kukifunga kwa mkono mmoja, na muafikiane mapema ni kwenye hatua zipi (vipande vya njia vinavyopimwa muda) kitafungwa.

Gari langu ni la barabarani na lina kiyoyozi. Nikiwashe nikiwa uwanjani?

Ukiwa kwenye foleni ya kutoka piti (sehemu ya kuhudumia magari kando ya uwanja), washa. Ukianza kukimbia, wengi huzima, kwa sababu kinakula nguvu ya injini na kinaongeza joto mbele ya rejeta. Magari ya GT3, yaani magari ya michezo yaliyojengwa upya kwa mashindano, yanayokimbia mbio za saa nyingi hubeba kiyoyozi, lakini yalibuniwa nacho. Uamuzi wangu: kama hushindanii nafasi, washa na usione haya.

Injini ikipanda joto fundi hunishauri niwashe hita. Ni kweli inasaidia?

Inasaidia injini. Hita ni rejeta ndogo, na joto lake linamwagwa juu yako. Tumia mbinu hiyo kuifikisha gari piti, si kumalizia mzunguko wa kupima muda.

## Fulana ya maji baridi

Inafanyaje kazi?

Ni fulana iliyoshonewa mirija myembamba kifuani na mgongoni. Pampu ndogo ya umeme huchota maji kwenye deli lenye barafu, huyazungusha kwenye mirija na kuyarudisha. Haikufanyi usikie baridi. Inapunguza tu mwendo wa joto kupanda mwilini, na kwa dereva huo ndio ushindi.

Maji yakiwa baridi kupita kiasi si faida. Mishipa ya damu ya ngozi husinyaa, na damu yenye joto haifiki tena karibu na mirija. Mifumo mizuri ina swichi ya kupunguza mzunguko. Kama yako haina, zima na uwashe mwenyewe kwenye sehemu iliyonyooka.

Barafu kiasi gani, na ya wapi?

Chukua kilo 5 kama mfano. Zikiyeyuka zinanyonya kilojuli 1,670. Fulana ikikutoa joto la wati 200, hesabu inakupa saa mbili na dakika chache. Usiiamini. Deli linavujisha baridi, mirija inapita kwenye kabini ya nyuzi 50, na pampu haichoti kila tone. Panga nusu ya muda huo, kisha upime mwenyewe siku ya mazoezi.

Mapande makubwa, kama yale yanayouzwa kwenye masoko ya samaki, hudumu kuliko barafu iliyopondwa, lakini yana chumvi, mchanga na magamba ambayo yataziba pampu siku hiyohiyo. Yatie kwenye mifuko iliyofungwa vizuri, au gandisha chupa za maji nyumbani tangu juzi yake. Ndani ya deli penyewe weka maji masafi tu. Ukishamaliza, puliza mirija ikauke. Maji yakilala humo wiki mbili utaona ukungu.

Katikati ya mbio fulana yangu iligeuka hita. Kuna nini?

Barafu imekwisha au mrija umebanwa. Barafu ikishaisha, pampu inaendelea kwa uaminifu wote kuzungusha maji ya moto juu ya kifua chako. Zima. Kama barafu bado ipo, kosa huwa kwenye mkanda: mkanda wa bega au wa kiunoni umekalia mrija. Kwa hiyo fulana ijaribiwe ukiwa umefungwa mikanda kwa kiwango cha mashindano. Aliyeijaribu amesimama gereji hajajaribu kitu.

Naweza kuitengeneza mwenyewe?

Deli na pampu, ndiyo. Watu wengi wametumia pampu ndogo za volti 12, na zinafanya kazi zikiwa na fyuzi yake peke yake. Fulana yenyewe usishone: kitambaa na mirija vitakaa chini ya ovaroli, na kama havistahimili moto umevaa kuni. Na deli lifungwe kwa bolti na mikanda ya chuma sakafuni. Kilo 10 za maji na barafu zikiachwa huru wakati gari linabiringika, zitakufuata.

Formula 1 sasa inalazimisha fulana hizi?

Kanuni ya 2025 ilienda hivi: utabiri ukionyesha kwamba kipimo cha joto kikijumuishwa na unyevu kitapita nyuzi 31, mkurugenzi wa mbio anatangaza hatari ya joto. Hapo magari yote lazima yabebe mfumo wa kupoza, na uzito wa chini unaongezwa kilo 5 ili asiubebe mtu kwa hasara. Dereva anaweza kukataa kuvaa fulana yenyewe, lakini anawekewa uzito wa nusu kilo badala yake. Tangazo la kwanza lilikuwa Singapore, Oktoba mwaka huo.

Madereva kadhaa waliilalamikia mirija kwamba inawachoma chini ya mikanda. Nawaelewa. Lakini jambo la maana kwenye kanuni ile ni uzito: bila kulazimisha kilo sawa kwa wote, hakuna mhandisi angekubali kubeba pampu kwa hiari.

Na bomba la hewa kwenye helmeti?

Ni zuri, hasa kwa kuzuia kioo kisipate ukungu. Angalia tu mdomo wake unachota hewa wapi. Usiuweke nyuma karibu na ekzosi, wala usitoboe helmeti mwenyewe; tumia iliyotengenezwa na tundu hilo.

## Mwili wako

Ninywe nini, na kiasi gani?

Dereva kwenye joto anaweza kutoka jasho lita moja au zaidi kwa saa. Jipime uzito kabla na baada, ukiwa umevaa chupi tu. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja. Upungufu wa asilimia 2 ya uzito unatosha kuharibu umakini. Kwa mtu wa kilo 75 hiyo ni kilo moja na nusu.

Anza kunywa tangu jana yake. Siku yenyewe kunywa kidogokidogo, ukiangalia mkojo: ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Jasho lina chumvi, kwa hiyo maji matupu mengi sana nayo yanaweza kukudhuru kwa kuzimua chumvi ya damu. Pakiti ya ORS ya duka la dawa, ikichanganywa kama ilivyoandikwa, inafanya kazi ya vinywaji vya bei ya juu. Madafu ni mazuri na nayapenda, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Kula nayo kitu chenye chumvi.

Ninaishi Nairobi na wikendi ijayo nashindana Mombasa. Nijiandae vipi?

Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14 za kulipata kila siku: unaanza kutoka jasho mapema, jasho linapungua chumvi, na moyo unapiga taratibu zaidi. Wiki moja ni fupi lakini haipotei. Fanya mazoezi saa saba mchana badala ya alfajiri, au endesha baiskeli ya ndani madirisha yakiwa yamefungwa, dakika 45 hadi 60, mtu akiwepo. Madereva wa Formula 1 hutumia sauna kwa kazi hiyohiyo. Ukirudi kwenye baridi, mazoea hayo huisha ndani ya wiki chache.

Kuna faida kujipoza kabla ya kupanda gari?

Kubwa, na ni ya bure. Kaa kivulini, taulo lenye barafu shingoni, mikono ndani ya ndoo ya maji baridi, kinywaji cha barafu iliyosagwa. Ukiingia kabini mwili ukiwa umepoa, una akiba.

Nimefunga Ramadhani. Niendeshe?

Omba upangiwe ratiba ya usiku, baada ya futari na saa kadhaa za kunywa. Huko Ghuba, ambako mchana wa kiangazi hupita nyuzi 40, shughuli nyingi za viwanjani huwa usiku hata nje ya Ramadhani. Kama zamu yako ni alasiri na hauko tayari kufungua, mpe mwenzako usukani siku hiyo.

Miraa, kahawa, dawa za mafua?

Miraa hupandisha mapigo ya moyo na kuficha uchovu, vitu viwili usivyovitaka hapa. Kikombe cha kahawa kwa aliyezoea hakina neno. Baadhi ya dawa za mafua na mzio hupunguza jasho, na baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo. Usiziache kwa uamuzi wako, muulize daktari kabla ya wikendi. Kama una homa au umeharisha, soma tena habari za Sargeant hapo juu.

## Hatari

Nitajuaje kwamba nimezidiwa?

Mara nyingi hutajua. Joto linaanza na akili, na akili ndiyo ungeitumia kujipima. Dalili utakazoziona ni kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, kusikia baridi kwenye joto. Dalili watakazoziona wengine ni bora zaidi: unakosa kona uliyoijua, unajibu redio kwa kuchelewa, unauliza swali lilelile mara mbili.

Kwa hiyo apewe mtu mmoja mamlaka ya kukuita ndani, na makubaliano yafanyike asubuhi, kabla ya joto. Akiuliza "mzunguko wa ngapi?" na jibu likawa la ovyo, unaingia piti. Hakuna mjadala kwenye redio.

Na mwelekezi?

Yeye husahaulika. Hana usukani wa kushika, anainamisha kichwa kwenye daftari, na mara nyingi yuko upande wa bomba la moto. Mwelekezi aliyechoka kwa joto husoma ukurasa mmoja mbele. Kama deli lina njia mbili za maji, mpe moja.

Dereva ameanguka au anaongea ovyo. Tufanye nini?

Mtu aliyepata joto na akili imevurugika mchukulie kuwa ana kiharusi cha joto, hata kama bado anatoka jasho. Piga simu ya gari la wagonjwa, na msingoje lifike. Mpelekeni kivulini, vueni helmeti na ovaroli, kata zipu kama imegoma. Mlazeni juu ya turubai, watu wanne wainue pembe, mwageni maji na barafu ndani na mlitikise maji yamzunguke hadi shingoni, mmoja akishika kichwa kisizame. Pasipo na turubai, mmwagieni maji mfululizo mkimpepea, na barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe kitu.

Lengo ni kushusha joto la ndani ndani ya nusu saa. Poza kwanza, safirisha baadaye. Paracetamol haina kazi hapa. Kama gari limegonga, shingo ina tahadhari zake: muachieni daktari wa mashindano aelekeze.

Kichwa huniuma kila nikiendesha, hata siku ya baridi. Ni maji?

Inawezekana ni moshi. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na dalili zake ni mapacha wa dalili za joto: kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu. Rick Mast, dereva wa NASCAR, aliacha mashindano mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya kugundulika gesi hiyo imemdhuru. Kagua viungo vya ekzosi, rudi kwenye swali la matundu, na ubandike kigunduzi kidogo cha gesi kwenye kabini. Fulana ya barafu haitasaidia chochote hapo.

Jana nilizidiwa, leo niko sawa. Nikimbie?

Kama ilikuwa uchovu na misuli kukaza, na leo uzito umerudi, mkojo ni mweupe na umelala vizuri, pengine. Anza na mizunguko mitano na yule mwenye mamlaka ya kukuita. Kama ulizimia au uliongea ovyo, jibu ni hapana, na ruhusa ya kurudi inatoka kwa daktari. Mwili uliopigwa na joto jana hupigwa kirahisi zaidi leo.